Habari ya Kuuliza na Kujibu Kisiwani Pemba

Mashariki ya mji wa Chake Chake, kuelekea bahari, yako makao ya watu yaitwayo Vitongoji. Maana ya jina hili haina shida: kitongoji ni kijiji kidogo kilichojitenga na kijiji kikubwa, na vitongoji ndiyo wingi wake. Katika bara ya Tanzania neno hilo limekuwa neno la serikali, kwa kuwa kila kijiji hugawanywa katika vitongoji, na kila kitongoji kina mwenyekiti wake. Unguja na Pemba hakuna mgawanyo huo. Huko kuna shehia, na mkuu wake ni sheha. Basi tuseme karatasi ya maulizo imepigwa chapa bara, na mstari wake wa kwanza wauliza, "Kitongoji chako ni kipi?" Mtu wa Vitongoji atajibu "Vitongoji" mara moja, wala hatakuwa amekosea, na yule mwenye kukusanya majibu ataandika mahali pazima, penye nyumba nyingi, kana kwamba ni kitongoji kimoja. Hakuna aliyesema uongo, na habari imekwisha potoka kabla ya mstari wa pili.

Kosa la namna hiyo laweza kuchekesha. Lakini katika kisiwa cha Pemba maulizo ya karatasi yamewahi kuwapa watu uhuru au kuwanyima, na kuwapa mchele au kuwanyima. Ndiyo sababu nataka kueleza hapa historia yake kidogo, hasa kwa kuwa waalimu na mapadre ndio mara nyingi wanaoombwa kufasiri karatasi hizi au kuzipeleka kwa watu.

Desturi ya kuwapelekea watu wa dini maulizo si ngeni. Mwaka 1790 Sir John Sinclair wa Scotland aliandika maswali 160 akawapelekea mapadre wa parishi zaidi ya 900 za nchi yake, juu ya ardhi, mazao, vizazi, vifo, na tabia za watu. Na majibu yao yakapigwa chapa katika vitabu 21, tangu 1791 hata 1799. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1887, J. G. Frazer wa Cambridge alipiga chapa maulizo yake juu ya desturi na imani, yakapelekwa kwa wamisionari wa nchi nyingi. Na John Roscoe wa C.M.S. huko Uganda alikuwa mmoja wa waliomwandikia Frazer habari nyingi, hata mwaka 1911 akatoa kitabu chake mwenyewe juu ya Waganda. Kati ya wawili hawa, mimi naona Sinclair alikuwa na nafasi njema zaidi, kwa sababu aliwauliza watu wa lugha yake juu ya nchi yake. Frazer aliuliza kutoka chumba cha vitabu, juu ya watu asiowajua, kwa maneno ambayo wao hawakuwa nayo. Na aliyejibu ilimpasa kwanza aligeuze swali liwe swali la watu wa mahali pake, ndipo apate kuliuliza. Kazi hiyo ya kugeuza, ambayo haionekani katika kitabu, ndiyo iliyo kazi yenyewe.

Sasa turudi Pemba. Mwezi wa Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika Unguja na Pemba. Amri haikumfungua mtu yeyote peke yake. Ilimpasa mtumwa aje mwenyewe mbele ya wakuu aombe uhuru wake, naye aulizwe. Huko Pemba kazi hii iliangukia kwa J. P. Farler, aliyekuwa zamani mmisionari wa U.M.C.A. huko Magila katika nchi ya Bonde, kisha akawekwa kuwa kamishna wa mambo ya watumwa. Aliyeulizwa alitaka kujulikana jina lake, na kabila lake, na bwana wake. Tena, kwa maneno ya amri, ilimpasa aonyeshe kwamba ana makao ya kudumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fikirini basi swali hili, "Unakaa wapi?" likiulizwa mtu aliyekaa miaka ishirini katika kibanda cha shamba la bwana wake. Akijibu "Nakaa kwa bwana wangu," amesema kweli, lakini ni kweli inayoweza kumharibia. Akijibu "Sina kwangu," amesema kweli vile vile, naye amejitia katika hatari ya kuitwa mzururaji. Ilimfaa ajue jibu lipi latakiwa, na bila shaka wengi walifundishana njiani.

Kwa wanawake jambo lilikuwa gumu zaidi. Amri ile iliwaacha masuria nje: wao walihesabiwa kuwa wa nyumbani mfano wa wake, wasipewe uhuru kama watumwa wengine ila wakithibitisha kwamba wametendwa kwa ukatili, na hali hiyo ilidumu hata amri ya 1909. Kwa hiyo mwanamke aliyefika mbele ya wakuu, uhuru wake ulisimama juu ya neno moja, kama ni kijakazi au kama ni suria. Na katika nyumba nyingi maneno hayo mawili hayakutengwa kwa ukuta. Mwanamke mmoja aweza kuitwa kijakazi na mke mkubwa wa nyumba, na suria na bwana, na mama fulani na majirani, siku ile ile moja. Karani alitaka neno moja la kuandika katika safu yake, naye alipewa. Lakini nani aliyelichagua neno hilo?

Nimelitaja kabila. Swali hili ndilo lililoulizwa kisiwani mara nyingi kuliko yote, nalo ndilo lililojibiwa kwa namna nyingi kuliko yote. Hesabu ya watu ya 1910 ilikuta watu 197,199 katika visiwa vyote, na Pemba peke yake 83,130. Ile ya 1931 ilikuta 235,428, na Pemba 97,687. Na ile ya 1948 ikakuta 264,162, na Pemba 114,587. Hesabu hizi zapanda polepole kama ngazi, wala hazina ajabu. Ajabu i katika safu ya makabila. Mwaka 1924 watu zaidi ya 33,000 walijiandikisha kuwa Waswahili. Mwaka 1931, baada ya miaka saba tu, walioandikwa kwa jina hilo walikuwa kama 2,000. Hapakuwa na tauni iliyowachagua Waswahili, wala hawakupanda majahazi wakaondoka. Walikuwa wale wale, katika nyumba zile zile, walibadili jibu.

Sababu yake wataalamu wameieleza, nayo yafahamika na kila mtu aliyekaa pwani. Jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa. Mtu aliyeitwa hivyo aliweza kudhaniwa kuwa babaye alitoka bara na kununuliwa. Basi mwenye kujua asili yake alitaka kutajwa kwa asili hiyo, Mhadimu, Mtumbatu, Mpemba, Mshirazi. Na asiyeijua, au aliyeijua na kutaka kuisahau, alitafuta jina zuri zaidi lililo karibu. Watu wengine husema kwamba jina la Washirazi lilitokana na mgao wa vyakula wakati wa vita ya 1939 hata 1945, maana mgao ule ulipangwa kwa jamaa za watu, na waliohesabiwa Waarabu na Wahindi walikuwa na haki ya mchele kuliko waliohesabiwa Waafrika. Kweli mgao ulizidisha haja ya jina hilo, na Chama cha Washirazi kilianzishwa Pemba karibu na mwanzo wa vita. Lakini tarehe hazikubali kwamba mgao ndio mzazi wake, kwa kuwa Washirazi walikuwa wamezidi sana katika hesabu tangu 1924 hata 1931, wakati mchele ulipokuwa ukiuzwa dukani kwa kila mwenye pesa. Mtu hawezi kufuata jina kwa ajili ya sahani ambayo haijaandaliwa.

Liko na jambo jingine ambalo wenye kutengeneza karatasi hawakulifikiri. Neno kabila lilitoka Arabuni, na kwa Waarabu ni ukoo mkubwa, kama vile Mazrui au Harthi. Mtu wa Pemba aliyeoana na watu hao, akiulizwa kabila, aweza kutaja ukoo; jirani yake aliyezoea maneno ya serikali atataja taifa; wa tatu atataja mahali alipozaliwa. Majibu matatu hayo yote ni sawa, kwa kuwa yalikuwa maswali matatu yaliyovaa neno moja. Anayetaka kujua asili ya wazazi na aulize wazazi walizaliwa wapi, na anayetaka kujua lugha na aulize nyumbani husemwa lugha gani. Kuuliza kabila ni kutupa wavu mmoja kwa samaki wa kila namna, kisha kushangaa kwamba vipimo havilingani.

Baada ya vita, katika 1948 na 1949, profesa Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliongoza uchunguzi mkubwa wa hali za watu wa Unguja na Pemba, na majedwali yake yakajaa vitabu 21, sawasawa na vile vya Sinclair. Humo yamo mambo ya nyumba, kazi, mapato, na hasa umiliki wa mikarafuu. Kazi ile ilikuwa ya bidii, na wote walioandika baadaye juu ya siasa za visiwa kabla ya Mapinduzi ya 1964 wameitumia. Nami sitaki kuidharau. Lakini msomaji wa Pemba akiyatazama majedwali ya mikarafuu atajiuliza swali ambalo jedwali haliwezi kumjibu: aliyejibu alifahamu nini?

Maana tangu tufani ya 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha sehemu kubwa ya ile ya Pemba, mkarafuu umekuwa ndiyo mali ya Pemba, na umiliki wake una mizizi mingi. Mti huweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi chini yake ya mtu mwingine, na sheria ya visiwa yakubali hivyo. Mti huweza kuwekwa rehani, na mwenye deni akaendelea kusema "mikarafuu yangu," na mwenye kukopesha akasema vile vile, na wote wawili wana hoja. Watu huweza kukodi mavuno ya msimu mmoja tu. Lakini lenye kudanganya kuliko yote ni lile neno -etu. Ndugu watano waliorithi miti thelathini bila kuigawanya, kila mmoja akiulizwa, atasema kwa adabu, "Tuna mikarafuu thelathini." Karani mwenye haraka ataandika thelathini mara tano. Na kinyume chake, mtu mwenye miti yake peke yake hupenda kusema "yetu," maana kusema "yangu" mbele ya wazee ni ufidhuli. Dawa yake si ngumu: kuuliza mti ulitoka wapi, nani huuchuma, na nani huuza karafuu. Maswali matatu mafupi juu ya kazi yashinda swali moja juu ya milki.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya lugha yenyewe. Wasomi wa siku hizi huiita karatasi ya maulizo hojaji, na wengine huiita dodoso. Maneno yote mawili ni mazuri, lakini hayana harufu moja. Hojaji ni jamaa ya kuhoji, na mtu huhojiwa na askari au kadhi. Dodoso latokana na kudodosa, yaani kuuliza kidogo kidogo, kama mama amdodosavyo mtoto. Ningekuwa na kauli katika jambo hili ningechagua la pili, kwa sababu laonyesha na njia ya kazi.

La kwanza katika lugha ni swali la kukana. Mzungu akiulizwa kwa lugha yake "Huna deni?" naye hana, hujibu kwa neno la kukataa. Mswahili hujibu "Ndiyo," maana yake: ndivyo ulivyosema, sina. Basi karatasi iliyofasiriwa neno kwa neno, yenye swali "Je, watoto wako hawaendi shule?" na vijumba viwili, Ndiyo na Hapana, itakusanya majibu yaliyopinduka, na hakuna hesabu iwezayo kuyapindua tena, kwa sababu wengine, waliosoma sana, watajibu kwa namna ya kizungu. Swali la kukana lisiwekwe kabisa.

La pili ni siku. Kwa hesabu ya pwani siku huanza jua likitua. Usiku wa Ijumaa ni ule utanguliao mchana wa Ijumaa. Anayeuliza "Nani alilala hapa usiku wa Jumamosi?" atajibiwa usiku mmoja na mzee na usiku mwingine na mjukuu aliyetoka shule. Waliotengeneza hesabu za watu za karibuni walilijua hili, wakaliepuka kwa maneno ya Kiswahili safi: mwaka 2012 waliuliza juu ya waliolala usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti, na mwaka 2022 usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Usiku wa kuamkia! Hapo mzee na mjukuu hawana la kushindania. Sijaona mfano bora kuliko huu wa swali lililochukuliwa kutoka kinywani mwa watu. Hali kadhalika "mwezi uliopita": mwanamke wa shamba aweza kuufahamu kuwa mwezi wa kuandama, kama mfungo mosi au mfungo pili, si mwezi wa kalenda ya ukutani. Ataje muulizaji siku ya kuanzia, kama sikukuu au mavuno yanayojulikana.

La tatu ni adabu. Mgeni akiuliza "Hamjambo hapa?" atajibiwa "Hatujambo," hata kama ndani yuko mgonjwa wa siku tatu, na ugonjwa utatajwa baadaye, baada ya salamu kwisha. Karatasi inayoanza na afya kabla ya salamu kwisha itapata nyumba zisizo na ugonjwa kamwe.

La nne, nalo ni zito, ni watoto. Mwanamke akiulizwa "Una watoto wangapi?" atataja walio hai, na labda mtoto wa dada yake anayemlea, maana huyo naye ni mwanawe, waliokufa hatawataja. Katika uchunguzi wa uzazi na afya uliofanywa Tanzania mara ya kwanza 1991 na 1992, swali hilo lilivunjwa vipande: wana wa kiume wanaokaa nawe, wa kike wanaokaa nawe, walio mahali pengine, kisha waliozaliwa hai wakafariki, na muulizaji hukumbusha kwa upole juu ya yule aliyelia tu na kuishi saa chache. Mpangilio huo si urembo. Bila kuvunja swali hivyo, watoto waliokufa wangekosa kuhesabiwa, na nchi ingejiona ina afya kuliko ilivyo. Na zahanati zingejengwa kwa hesabu hiyo.

Mfano wa mwisho wawahusu waalimu hasa. Kichocho ni ugonjwa wa siku nyingi Pemba, na dalili yake ni damu katika mkojo. Kupima mikojo ya watoto wa nchi nzima ni gharama kubwa. Huko Kilosa, bara, katika miaka ya mwisho ya 1980, watafiti walijaribu njia nyingine, wakatoa habari zake 1991: waliwapa waalimu wa shule karatasi ya kuwauliza watoto magonjwa waliyoyapata karibuni. Kichocho hakikuwekwa peke yake. Kilichanganywa na magonjwa mengine, ili mtoto asijue ni lipi linalotafutwa, wala asijibu kwa kuogopa dawa au kwa kuitamani. Majibu yakapatana vizuri na vipimo, hata shule zenye hatari zikajulikana kwa gharama ndogo sana, na njia ile ikajaribiwa baadaye katika nchi nyingine za Afrika. Upungufu wake ulionekana kwa wasichana, ambao ni vigumu kwao kulitamka jambo hili. Nadhani siri ya kufaulu kwake ni ndogo: mtoto alijua neno kichocho, naye aliulizwa na mwalimu anayemjua. Mgeni mwenye neno la kitabu asingalipata hayo.

Swali la kabila liliulizwa mara ya mwisho katika hesabu ya watu ya 1967. Tangu 1978 halimo, wala la dini halimo. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walitaka la dini lirudishwe, na wengine wakakataa kuhesabiwa kwa ajili hiyo. Hivyo hata swali lisiloulizwa laweza kuleta mabishano. Mwaka 2022 makarani walikwenda na vishikwambi badala ya karatasi, na Pemba wakahesabu watu 543,441. Kishikwambi hakikubali karani aruke mstari, na hilo ni jema. Lakini karatasi za zamani zilikuwa na ukingo mweupe, na karani mwangalifu aliweza kuandika humo maneno yenyewe aliyoambiwa, "asema mti ni wa nduguye," "asema kabila hajui, kwao ni Pemba." Mwalimu anayetumwa leo na karatasi ya maulizo, ya shule au ya zahanati, angefanya vyema kuwa na daftari ndogo kando, na kuandika ndani yake jibu kama lilivyosemwa, kwa Kipemba chake, kabla halijageuka kuwa alama katika kijumba.